Mkono wa Ndahani

Katika Chuo cha Sauti, somo la kwanza la kurekodi halikuanza na muziki. Mwalimu Nyemo Chidawali, mama wa mtoto mmoja, aliwataka wanafunzi wake warekodi kimya.

"Kila chumba kina kimya chake," aliwaambia vijana wanane wa mwaka wa pili, waliokaa nusu duara, kila mmoja na zeze lake mapajani. "Usipokijua, hutatambua kitu kilichoingia kwenye wimbo wako bila kupiga hodi. Sechelela, tega maikrofoni."

Sechelela Mlewa alikuwa na miaka kumi na tisa na sikio kali kuliko wenzake wote. Aliitega maikrofoni mbele ya kibuyu cha zeze lake, umbali wa shubiri moja, akapandisha sauti mpaka taa ya njano ikawaka, akainua kidole. Wote wakatulia. Nje, mabasi yasiyo na dereva yaliendelea kupita katika barabara ya Ihumwa, lakini kuta za studio hazikupitisha hata mnong'ono.

Waliposikiliza walichorekodi, kulikuwa na kitu. T-t-t-t-t. Hafifu, kama mende anayetembea juu ya karatasi.

"Feni," alisema Elikana, kijana mrefu aliyependa kujibu kabla ya kuulizwa.

Wakazima feni. Wakabadilisha waya, wakabadilisha na maikrofoni. Mlio ukabaki palepale. Nyemo akavaa visikizio, akaing'oa maikrofoni kwenye mguu wake na kuizungusha chumbani polepole, kama mtu anayetafuta panya kwa tochi. Mlio ukazidi alipomkaribia Sechelela, ukazidi tena alipoinama juu ya zeze lake. Kucha ya kidole cha pete, cha mkono wa kushoto, ilikuwa ikigonga kibuyu.

"Unaogopa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Una baridi?"

Wenzake wakacheka, maana ilikuwa Oktoba na jua lilikuwa linapasua mawe. Sechelela alikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Akakikunja, kikatulia. Akakiachia, kikaanza tena.

"Nilidhani ni uchovu," alisema. "Kinaanza nikipumzika."

Elikana hakuwa anacheka tena. Aliweka mkono wake wa kushoto juu ya meza bila kuambiwa. Mwingine akafuata, kisha mwingine. Nyemo akasogeza maikrofoni mezani na kutazama mistari ikijichora kwenye kioo cha mashine. Ilikuwa mikono ya watu mbalimbali, minene na myembamba, lakini ilitetemeka kwa mwendo mmoja, kama saa zilizotoka kiwanda kimoja.

Aliwaambia somo limekwisha. Aliwashukuru kwa kuja. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na baadaye alijishangaa kwa hilo.

*

Kifaa kilichowafundisha wanafunzi wale watu walikiita soksi. Jina lake la kiserikali lilikuwa refu na hakuna aliyelitumia. Ilikuwa glovu nyepesi kama ganda la kitunguu, iliyofika hadi kwenye kiwiko, na ndani yake nyuzi zisizoonekana zilisikiliza misuli na mishipa ya fahamu. Bingwa akiivaa na kupiga ala yake, soksi iliukariri mkono wake. Mwanafunzi akiivaa, soksi haikumshika vidole kwa nguvu. Iliunong'oneza mkono, kabla haujaenda, mahali pa kwenda. Baada ya wiki kadhaa mkono uliamini kwamba ulijua siku zote. Ufundi ambao Nyemo aliupata kwa miaka saba, akikaa kwenye kigoda mbele ya Mzee Ndahani Seganje na kukosolewa kila alipogusa uzi, wanafunzi hawa waliupata katika muhula mmoja.

Kwa maana mkono waliovishwa ulikuwa wa Ndahani huyohuyo. Hapakuwa na mpiga zeze mwingine wa kiwango chake, na katika miaka yake ya mwisho jukwaani alikuwa amepata kitu kipya: akishika noti ndefu, noti ilitetemeka taratibu, kama maji yaliyoguswa na upepo. Watu waliuita mtetemo wa Ndahani. Ulikuwa umewaliza wageni waliokaa kwenye kumbi za mbali bila kujua neno hata moja la Kigogo. Nyemo ndiye aliyeurekodi mkono ule, miaka mitatu iliyopita, na kila mtu alisema ni kazi safi.

Sasa aliifungua rekodi ile tena, akiwa peke yake studio. Muziki wenyewe alikuwa ameusikiliza mara nyingi. Hakuwahi kusoma sehemu zilizokuwa katikati ya nyimbo, pale Ndahani alipoweka upinde chini, akanywa chai na kuwatania mafundi. Safari hii alisoma hizo tu. Mstari wa mkono wa kushoto, mkono uliopumzika, ulikuwa na wimbi dogo lisilokatika. Akachukua wimbi la kidole cha Sechelela na kuliweka juu yake. Yalilingana.

Kisha akafanya jambo ambalo angependa asilifanye. Alichukua noti ndefu, ile iliyowaliza watu, akaiweka juu ya mawimbi yale mawili. Nayo ililingana.

Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia mkononi mwa mzee yule kabla yeye mwenyewe hajaujua. Soksi haikuweza kutenganisha muziki na maradhi. Ilijua mkono tu, ikaubeba wote.

Na kulikuwa na kanuni chuoni: anayerekodi mkono ndiye wa kwanza kuuvaa, ili wanafunzi wasipewe kitu kisichoonjwa. Nyemo alikuwa ameuvaa muhula mzima kabla yao. Aliulaza mkono wake wa kushoto mezani, mbele ya maikrofoni. Hakuhitaji kutazama kioo.

*

Mkuu wa chuo, Dokta Gaudensia Mapunda, alikuwa mwanamke asiyetapanya maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili: kama wanafunzi ni wagonjwa, na kama jambo lenyewe linatengenezeka.

"Si wagonjwa," alisema Nyemo. "Mikono yao imejifunza ugonjwa, kama mtoto anavyojifunza lafudhi ya mama yake. Na linatengenezeka. Soksi ileile inaweza kusafisha. Lakini itaondoa kila kitu chenye mwendo ule, pamoja na mtetemo wa noti ndefu."

Alimpigia sampuli aliyoisafisha kwa mashine. Noti zote zilikuwa mahali pake. Noti ndefu ilisimama wima kama nguzo ya umeme, na ilikuwa na ladha ya nguzo ya umeme.

"Kwa mtihani inatosha," alisema Dokta Mapunda. "Sasa nisikilize. Wanafunzi huvaa soksi kila asubuhi kwa mazoezi. Utie usafi huo ndani ya mazoezi ya kesho. Wiki chache zikipita mikono imetulia, na hakuna aliyekosa usingizi."

"Bila kuwaambia?"

"Uwaambie nini? Mama gani atalala akisikia mwanawe amevishwa maradhi ya mzee wa watu? Ukimkuta mtu na mwiba, Mwalimu, unautoa."

"Unamwambia kwanza akaze meno."

Dokta Mapunda alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Na Mzee Ndahani je? Ukiwaambia wanafunzi, habari itafika kwake kabla chai haijapoa. Yule mtu alitupatia mkono wake akiamini ndicho kitu bora alichonacho. Unataka aingie kaburini akijua alichowarithisha watoto wa wenzake?"

Kama kunyamaza kungekuwa kwa ajili ya jina la chuo peke yake, Nyemo angekataa palepale na kwenda zake. Lakini kunyamaza kulimkinga pia mtu aliyemlea kimuziki, aliyemwita mwanangu mbele ya kumbi zilizojaa. Tena kulikuwa kwepesi mno: faili moja, kitufe kimoja. Siku moja wanafunzi wangeamka mikono yao imebadilika tena, safari hii kwa wema, nao wasingejua, kama vile hawakujua mara ya kwanza.

"Nipe muda nifikiri," alisema.

"Mazoezi yanaanza saa mbili asubuhi," alisema Dokta Mapunda. "Fikiri mpaka hapo."

*

Ndahani Seganje aliishi Kizota, katika nyumba iliyojaa wajukuu. Alikuwa mtu wa kujipenda. Hata nyumbani alivaa viatu vya rangi mbili vilivyong'arishwa, na koti. Alimpokea Nyemo barazani akiwa ameutia mkono wa kushoto mfukoni.

"Mbukwa, Mzee," Nyemo alimwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu. Umekuja saa za kazi. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kwa sababu ya mkono."

Uso wa mzee ulikunjamana. "Nani amekwambia? Mke wangu mwenyewe nilimficha mwaka mzima." Aliutoa mkono mfukoni na kuuweka kwenye goti. Ulitetemeka pale kama kuku aliyefungwa miguu. "Haya, utazame basi. Daktari ameupa jina, mimi nimekataa kulishika. Ndiyo sababu sikanyagi tena chuoni kwenu. Sitaki watoto wanione hivi."

Hapo Nyemo angeweza kunyamaza. Angempa pole, angekunywa uji aliokuwa anakaribishwa na mjukuu mlangoni, angeondoka, na dunia ingeendelea. Aliliona lango hilo limefunguka, akalipita bila kuingia.

"Mzee, ugonjwa huu ulikuwepo tayari tulipokurekodi."

"Haiwezekani. Nilikuwa napiga vizuri kuliko wakati wowote."

"Ndiyo."

Mjukuu alileta uji, akaona nyuso zao, akauweka chini na kurudi ndani.

"Na wanafunzi?" aliuliza Ndahani.

"Wote walioivaa."

"Na wewe?"

Nyemo alivuta kigoda na kuuweka mkono wake kwenye goti lake mwenyewe, kando ya ule wa mzee. Mkono mkubwa na mkono mdogo ikatetemeka pamoja. Ndahani aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaurudisha wake mfukoni haraka, kana kwamba ndio uliokuwa ukiuunguza wa mwenzake.

"Futa," alisema. "Futa kila kitu. Usibakize hata kidole kimoja."

"Si wako peke yako tena, Mzee. Kuna watu ndani yake."

"Basi nenda ukawaulize hao watu! Mimi unakuja kuniuliza nini?"

"Sikuja kukuuliza. Nimekuja ili usisikie kwa mtu mwingine."

Mzee aligeuza uso akatazama ukuta. Shingo yake, iliyokuwa imesimama siku zote kama ya jogoo, ililegea.

"Nenda, Nyemo," alisema. "Leo siwezi kuwa na adabu."

*

Asubuhi, saa mbili, hakuna soksi iliyovaliwa. Nyemo aliwakusanya wanafunzi wote wa zeze ukumbini na kuwaambia. Alitumia maneno mafupi. Dokta Mapunda alisimama nyuma, karibu na mlango, mikono ameikunja kifuani. Hakumkatiza.

Kwanza kulikuwa na kelele, halafu maswali. Je, ni ugonjwa? Hapana. Utageuka kuwa ugonjwa? Madaktari wawili niliowauliza wamesema hapana. Wazazi watajua? Leo hii hii. Msichana mmoja alilia, na aliyekaa naye akamshika mabega.

"Kuna njia tatu," alisema Nyemo. "Mtu anaweza kuuacha mkono wake ulivyo. Anaweza kuusafisha, na noti ndefu itabaki kavu. Au anaweza kuufuta, aanze upya."

Sechelela alisimama. "Kufuta kunachukua nini, Mwalimu?"

"Kila ambacho mkono wa kushoto umejifunza tangu ulipovaa soksi. Kiwe cha muziki, kisiwe cha muziki. Mashine haichagui."

Sechelela aliinamisha kichwa. Wote walijua anafikiria nini. Alijifunza kusuka nywele palepale bwenini, mwaka wa kwanza, akiwa amekwisha anza kuvaa soksi, na kufikia sasa nusu ya vichwa vilivyokuwa ukumbini vilikuwa vimepita katika vidole vyake.

"Na wewe utachagua nini?" aliuliza Elikana.

"Nitachagua wa mwisho."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikisema sasa hivi, nitakuwa nimewavisha mkono mwingine."

Elikana akaketi.

Wengi walichagua kusafisha. Wachache walifuta. Elikana alikataa vyote viwili. Alisema mtetemo ndio muziki wenyewe, na kwamba atakunywa chai kwa mkono wa kulia. Sechelela alifuta. Siku ya pili yake alionekana uwanjani ameketi nyuma ya rafiki yake, ameshika mafungu matatu ya nywele, hajui lipi linapita juu ya lipi. Alijaribu kwa muda, kisha akamfunga rafiki yake kitambaa, wakaenda kula.

Wazazi walikuja. Baadhi waliwachukua watoto wao moja kwa moja. Dokta Mapunda aliwapokea yeye mwenyewe, mmoja mmoja, na mbele yao hakumtupia Nyemo lawama hata kidogo. Wakiwa wawili tu, hakumsemesha hadi Desemba.

*

Ndahani alifika chuoni bila taarifa, siku ambayo Nyemo alikuwa amebaki peke yake hajachagua. Alipanda ngazi za studio polepole, viatu vinang'aa, mkono wa kushoto nje ya mfuko. Wanafunzi aliokutana nao njiani walimwamkia, wakautazama mkono, naye akawaacha wautazame.

Ndani alimkuta Nyemo, na Sechelela kwenye meza ya mashine. Tangu mkono wake usahau zeze, Sechelela alikuwa akijifunza kazi ya fundi, na alikuwa akiifanya vizuri.

"Nasikia wewe ndiye wa mwisho," alisema mzee. "Unangoja nini?"

"Nimekwisha amua, Mzee. Nitauacha ulivyo."

"Nipigie kwanza."

Nyemo alipiga wimbo wa mavuno, ule ambao Ndahani aliupenda kufungia maonyesho. Alipofika kwenye noti ndefu, ilitetemeka taratibu, ikajaa chumba kizima. Mzee alisikiliza macho wazi. Mkono wake kwenye goti ulikwenda sambamba na noti.

"Hapo ndipo nilipokuwa naumwa?"

"Hapo."

"Na ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi." Hakuonekana kusikitika. Alionekana kama mtu aliyerudia hesabu na kupata jibu lilelile. "Usinibebee, Nyemo. Ugonjwa ni wangu. Nyumbani wapo wa kunishika nikiyumba, wananitosha."

"Nikisafisha, noti hiyo inapotea."

"Haipotei. Yule kijana mrefu mbishi anayo, ameniambia mwenyewe hapo ngazini, tena kwa kiburi. Mwache nayo. Wewe una mwana wa kumlisha na mashine za kushika."

Nyemo alikuwa amejiandaa kumkatalia Dokta Mapunda, kumkatalia daktari, hata kumkatalia mume wake. Hakuwa amejiandaa kuambiwa na mwenye mkono kwamba haombi kuhifadhiwa. Hatimaye aliitwaa soksi kutoka kwenye ndoano, akaivaa, akaivuta mpaka kwenye kiwiko.

"Safisha," alimwambia Sechelela.

Ilichukua wiki kadhaa, kidogo kidogo kila asubuhi. Kikombe kilitulia mkononi kwanza, halafu kijiko. Siku soksi ilipovuliwa mara ya mwisho, Ndahani alikuja tena. Nyemo alipiga wimbo uleule. Kwenye noti ndefu kidole kilikanyaga uzi na kusimama pale, kigumu, hakina la kusema.

"Uliponifundisha hukuwa na mtetemo," alisema Nyemo, ameushusha upinde. "Noti hii tulikuwa tunaishikaje?"

"Hukumbuki?"

"Soksi ililala juu yake, mkono umesahau. Nimetafuta kwenye rekodi za zamani, lakini kote zeze limezama chini ya ngoma."

Mzee aliutazama mkono wake mwenyewe, ambao nao usingeweza kumwonyesha mtu kitu chochote. Kisha akafumba macho na kuimba. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. Haikuigonga noti, ilianzia chini yake, ikapanda polepole kama mtu anayevuta ndoo kisimani, ikafika, ikapita kidogo, ikarudi na kutua.

Nyemo alijaribu. "Si hivyo," alisema mzee. Akajaribu tena. "Unaruka. Panda!" Akajaribu mpaka ncha ya kidole ikawa nyekundu. "Mwalimu mzima!" mzee alifoka, akaimba upya.

Sechelela alikuwa ameiacha meza ya mashine. Alilichukua zeze lililokuwa ukutani, akakaa chini sakafuni. Mkono wake wa kushoto haukujua kitu. Ulitafuta uzi kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya ugenini, ukakosea, ukakosea tena, halafu kidole kikaanzia chini, kikapanda, kikapita kidogo, kikarudi.

"Ee!" alisema Ndahani, na akafumbua macho kutazama ni nani.

Nyemo aliweka upinde wake chini, akasogea mpaka magoti yake yakagusana na ya mwanafunzi wake.

"Umefanyaje?" aliuliza.

Sechelela alifikiri kidogo. Kisha akaligeuza zeze upande wa mwalimu wake, akaanza kumwonyesha.